Gozi iliyobaki tumboni: kisa kimoja cha Rungwe na nani aliyekilipia

Mwanamke wa miaka 34, mkulima wa viazi na ndizi wilayani Rungwe, mkoani Mbeya, alifikishwa hospitali usiku akiwa na uchungu wa mtoto wa nne. Mtoto alikuwa amekaa vibaya na mapigo ya moyo wake yanashuka, kwa hiyo mama akaingizwa chumba cha upasuaji kwa dharura. Mtoto alitoka amechoka, akasaidiwa kupumua, akalia. Mama naye akaanza kutokwa damu nyingi. Kizazi kiligoma kujikaza, wapasuaji wakalazimika kubadili mpango na kufunga mishipa ya damu kabla ya kushona tumbo. Baada ya siku nne aliruhusiwa kwenda nyumbani. Ndani yake ilikuwa imebaki gozi moja kubwa, ya aina inayotumika kufyonza damu wakati wa upasuaji.

Hospitali siitaji wala wahusika siwataji. Kisa nimekifuatilia nikiwa msaidizi wa kisheria, na familia imeridhia niandike. Ninaandika kwa sababu nimechoka kusikia kwamba mgonjwa akiumizwa na matibabu, suala la fedha husubiri mahakama iamue. Halisubiri. Malipo huanza siku ileile, na mlipaji wa kwanza ni aliyeumizwa. Familia hii ililipa karibu kila kitu kabla hata haijajua inalipia nini.

Homa ilianza wiki ya tatu. Zahanati walimpima malaria, hakuwa nayo, wakasema ni UTI na kumpa dozi. Homa ilipungua, ikarudi. Duka la dawa muhimu walimuuzia dozi nyingine. Kituo cha afya walisema taifodi. Mama mkwe aliamini tumbo la uzazi halijarudi vizuri, akawa anamkanda kwa maji ya moto kila jioni, tena kwa upendo wa kweli, na kila akikandwa maumivu yalizidi. Kwa mganga walikwenda pia, na juu ya maumivu wakabeba na hofu ya kurogwa. Hospitali ileile iliyompasua alirudi mara mbili. Safari ya kwanza walitazama kovu, likaonekana limefunga safi. Safari ya pili aliandikiwa dawa za vidonda vya tumbo. Uvimbe chini ya kitovu, upande wa kushoto, ulikuwa tayari unashikika kwa mkono, lakini mtaalamu wa ultrasaundi hakuwepo na mgonjwa akaambiwa arudi wiki inayofuata. Nauli ya kurudi wiki inayofuata haikuwepo.

Mwezi wa tano tangu ajifungue, mume aliuza ng'ombe, wakapanda kosta hadi Uyole na kuingia Mbeya mjini. Ultrasaundi ilionyesha kitu, siti skani ikaonyesha zaidi, na siku ya pili akapasuliwa tena. Gozi ilikuwa imeshikana na utumbo. Kipande cha utumbo kikakatwa na ncha zake kuunganishwa.

Fomu ya ruhusa ya kutoka hospitali iliandikwa kwa Kiingereza, mistari miwili ya mwandiko wa haraka, kwamba kitu kigeni kimetolewa tumboni na utumbo umeunganishwa. Hakuna aliyemwambia mgonjwa kwa mdomo kitu hicho ni nini. Aliyemsomea ni binti yake wa kidato cha pili, nyumbani, akiyafuatisha maneno kwa kidole huku mama amelala ubavu. Binti alielewa neno moja moja, akaenda kumuuliza mwalimu wake. Hivyo ndivyo familia ilivyojua. Kwangu mimi hili ni kosa la pili, linalojitegemea. La kwanza lilitokea usiku, kwenye damu na haraka. La pili lilitokea mchana, mgonjwa ametulia kitandani na daktari ana kalamu mkononi.

Ndugu wa mume walikuwa na maelezo tayari: aliyepasua hakuwa daktari kamili, alikuwa daktari msaidizi. Nalielewa wazo hilo, na wengi Tanzania wanalo. Ila ushahidi hauliungi mkono. Utafiti uliofanywa katika hospitali za mikoa ya Mwanza na Kigoma na kuchapishwa mwaka 2009 ulilinganisha upasuaji wa dharura wa uzazi uliofanywa na madaktari wasaidizi na ule wa madaktari wenye shahada, na haukuona tofauti ya maana katika vifo wala madhara. Kundi hili la wataalamu lilianza kufunzwa nchini mwaka 1963, na akina mama wengi wa vijijini wako hai kwa mikono yao. Kumtupia mtu huyu lawama kwa sababu ya cheti chake kungeifurahisha familia kwa wiki moja na kuacha chanzo palepale kilipo.

Chanzo kilijitokeza kwenye kikao cha hospitali, pale muuguzi aliyekuwa zamu alipoulizwa taratibu, bila kufokewa. Gozi za hospitali ile zilikuwa zinakatwa hapohapo kutoka kwenye roli, zinafungwa mafungu ya tano tano, kisha zinatakaswa kwa mvuke. Anayefunga ni mhudumu wa mchana. Anayefungua ni muuguzi wa usiku, na anapofungua huchukulia kwamba fungu lina tano. Fungu likiwa na sita, hesabu ya mwisho itatoka sawasawa na moja bado iko tumboni. Tena gozi za kukatwa namna hiyo hazina ule uzi maalumu unaoonekana kwenye eksirei, kwa hiyo hata picha ingepigwa wiki ya tatu ingeweza kupita bila kuiona. Usiku ule muuguzi alikuwa peke yake: anampa mpasuaji vifaa, anaitisha damu, anamsaidia mkunga kumfufua mtoto. Kwenye faili kisanduku cha hesabu kina alama ya vema.

Mume wa mgonjwa alipoiona ile alama alisimama. "Daktari, hapa mmeandika uongo." Namwelewa, lakini sidhani ulikuwa uongo. Atul Gawande, daktari wa upasuaji wa Marekani, na wenzake walichapisha mwaka 2003 uchunguzi wa wagonjwa 54 wa Marekani waliosahauliwa vitu mwilini, wakitumia mafaili ya madai yaliyokuwa kwa kampuni ya bima ya madaktari katika jimbo la Massachusetts. Kati ya kesi ambazo vifaa vilihesabiwa, 88 kwa kila 100 hesabu iliandikwa kuwa imetimia. Walikuta pia kwamba upasuaji wa dharura huongeza hatari hiyo karibu mara tisa, na mpango unapobadilika katikati, mara nne. Mwanamke wetu alikuwa na yote mawili. Sehemu kubwa ya vilivyosahauliwa ilikuwa gozi, si mikasi kama simulizi za mtaani zinavyopenda.

Angalia pia mahali elimu hiyo ilipotoka. Ilitoka kwenye madai. Wagonjwa walidai, bima ikatunza mafaili, watafiti wakayafungua, na hospitali zikajifunza wapi pa kuweka mikono. Kwetu mgonjwa akinyamaza faili linaoza, na hospitali ya wilaya jirani itaendelea kufungua mafungu ya tano tano bila kuhesabu.

Na dawa ya tatizo hili haikuvumbuliwa mbali. Orodha ya usalama wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani ilijaribiwa kati ya mwaka 2007 na 2008 katika miji minane duniani, mmojawapo Ifakara, ng'ambo ya Udzungwa ukitokea Iringa. Ifakara ilisimama kwenye orodha moja na London, Seattle na Toronto. Katika hospitali zote nane kwa pamoja, vifo baada ya upasuaji vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na madhara makubwa kutoka asilimia 11 hadi 7. Sehemu ya mwisho ya orodha ile inamtaka muuguzi atamke kwa sauti, kabla mgonjwa hajatolewa chumbani, kwamba vifaa, gozi na sindano vimehesabiwa na vimetimia. Wakati jaribio lile linaanza, mwaka huohuo wa 2007, nchi ilishtushwa na habari ya Taasisi ya Mifupa Muhimbili, ambako wagonjwa wawili wenye jina la kwanza moja walibadilishiwa upasuaji, wa kichwa akafanyiwa wa goti na wa goti wa kichwa. Kumtaja mgonjwa na upasuaji wake kwa sauti ni sehemu ya orodha hiyohiyo. Nashangaa tunavyokumbuka kashfa ya Muhimbili kuliko mafanikio ya Ifakara.

Sasa fedha. Mume aliniletea bahasha ya kaki iliyojaa risiti, nyingine zimefifia hadi hazisomeki. Nilizipanga mezani kwa tarehe. Zenye kusomeka zilifika shilingi 1,286,000: vipimo, siti skani, upasuaji, dawa, damu, kitanda. Kadi ya CHF iliyoboreshwa, bima ya afya ya jamii, walikuwa nayo, ile ya shilingi 30,000 kwa kaya ya watu sita, lakini haikupokelewa Mbeya mjini. Jambo lililoniuma zaidi ni hili: upasuaji uliomdhuru haukulipiwa, kwa sababu sera ya nchi inawasamehe wajawazito. Upasuaji wa kuondoa madhara ulilipiwa mpaka bomba la sindano, kwa sababu wakati huo hakuwa mjamzito tena. Kwa mujibu wa dirisha la malipo alikuwa mgonjwa wa kawaida mwenye tatizo la tumbo. Ofisi ya ustawi wa jamii ingeweza kuombwa msamaha, lakini hakuna aliyewaelekeza huko.

Bahasha ile, hata hivyo, ni nusu ya habari. Ng'ombe aliuzwa kwa haraka, shilingi 1,100,000, akiwa anakamuliwa. Alikuwa anatoa lita nane. Wakibakiza mbili za nyumbani, sita zinauzwa shilingi 900 kila moja, yaani shilingi 5,400 kwa siku. Kwa miezi mitano ya kwanza tangu auzwe, hiyo ni shilingi 810,000 ambayo haikuingia, na hakuna risiti ya maziwa ambayo hayakukamuliwa. Parachichi ziliuzwa zikiwa mtini, kwa bei ya mnunuzi. Viazi vya msimu ule vilichelewa kupaliliwa, vikavunwa vidogo, na lumbesa, lile gunia la kujazwa kupita kiasi, ikaendelea kuwa lumbesa. Dada yake mgonjwa aliacha genge lake Tukuyu kwenda kumuuguza Mbeya, akila na kulala kwa fedha yake. Binti wa kidato cha pili alikosa shule muda mrefu kwa kulea mtoto mchanga. Nikimwambia mtu kwamba gozi ile iligharimu zaidi ya shilingi milioni tatu na nusu, huwa anadhani naongelea hospitali. Hospitali ni theluthi yake.

Bima nayo ina mpaka wake. Hata ile ya Afya kwa Wote iliyotungiwa sheria mwaka 2023 ni ya kulipia matibabu. Haikukusudiwa kumrudishia mtu ng'ombe.

Kisheria milango ilikuwa mitatu. Wa kwanza ni kulalamika Baraza la Madaktari Tanganyika, na kwa upande wa muuguzi Baraza la Uuguzi na Ukunga. Mabaraza haya yanaweza kuonya, kusimamisha au kufuta usajili, fidia hayatoi. Wa pili ni kesi ya madai. Hospitali ni ya halmashauri, na tangu marekebisho ya mwaka 2020 anayeishtaki halmashauri hupita njia ileile ya anayeishtaki Serikali: notisi ya siku 90, Mwanasheria Mkuu wa Serikali kuunganishwa, na shauri kufunguliwa Mahakama Kuu. Muda wa kudai madhara ya namna hii ni miaka mitatu. Kuna kesi za uzembe ambazo hushindwa kwa kukosa daktari wa kutoa ushahidi dhidi ya daktari mwenzake. Hii isingekuwa mojawapo, kwa kuwa gozi haiingii tumboni yenyewe. Mlango wa tatu ni kuzungumza, na ndio uliotumika kwanza.

Kwa nini sikuwapeleka mahakamani moja kwa moja? Kwa sababu ya kile kinachojulikana kuhusu njia hiyo hata pale ilipokomaa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, walipitia mafaili zaidi ya 30,000 ya watu waliolazwa mwaka 1984 katika hospitali 51 za jimbo la New York. Matokeo ya mwaka 1991 yalisema karibu 4 kwa kila 100 waliumizwa na matibabu yenyewe, na zaidi ya robo ya majeraha hayo yalitokana na uzembe. Kisha wakalinganisha na madai. Katika wagonjwa 280 walioumizwa kwa uzembe, 8 tu walidai. Madai yote yalikuwa 47, maana yake mengi yaliletwa na watu ambao wapitiaji wa mafaili hawakuona wamefanyiwa uzembe. Mahakama ilikuwa inawakosa wenye haki na kuwapata wengine. Uchunguzi mwingine wa huko, wa mwaka 2006, ulipitia madai 1,452 yaliyofungwa: kwa wastani ilichukua miaka mitano tangu mtu aumie hadi jambo liishe, na kwa kila dola moja ya fidia, senti 54 zilikwenda kwa mawakili, wataalamu na mahakama. Mkulima wa Rungwe hana miaka mitano, na dola yake haina senti 54 za ziada.

Na tusijidanganye kwamba madhara haya ni ya kwao. Mwaka 2012 ulichapishwa uchunguzi wa mafaili ya hospitali katika nchi nane za Afrika na Mashariki ya Kati, Kenya ikiwemo. Karibu wagonjwa 8 kwa kila 100 walipata madhara, zaidi ya asilimia 80 ya madhara hayo yangeweza kuzuilika, na takriban 30 kwa kila 100 yaliambatana na kifo.

Kikao kilifanyika ofisini kwa mganga mfawidhi, yaani daktari mkuu wa hospitali. Mara ya kwanza tuliambiwa faili halionekani, na lilipotakiwa kwa barua likaonekana. Mganga mfawidhi ni mtu mstaarabu. Alimpa mama pole, akaomba radhi kwa mdomo, na akasema matibabu yake yote ya baadaye pale yatakuwa bure. Kwa maandishi hakuwa tayari. Hoja yake ilikuwa kwamba wakilipa huyu mmoja, kesho foleni itafika barabarani, na madaktari wataanza kuandika vipimo vya kujilinda na kesi kwa kila mgonjwa hadi bajeti iishe. Hofu hii naiheshimu, kwa hiyo naijibu kwa tarakimu. Marekani ndiyo nchi inayosifika kwa kushtaki madaktari, na makadirio ya mwaka 2010 yaliweka gharama yote ya mfumo wa madai, pamoja na vipimo vya kujilinda, kwenye dola bilioni 55.6 kwa mwaka, karibu asilimia 2.4 ya matumizi ya afya ya nchi hiyo. Ni fedha nyingi, ila hazikuwafilisi. Na foleni? Hospitali za Chuo Kikuu cha Michigan, tangu mwaka 2001, zilianza kuchunguza kila malalamiko, kukiri pale zilipokosea na kulipa bila kusubiri kushtakiwa. Madai mapya yalipungua na gharama zikashuka.

Mimi ninaamini maswali mawili yametupwa kwenye kapu moja: nani alikosea, na nani alipie hasara. Muuguzi aliyeulizwa la kwanza huku la pili likimning'inia hawezi kusema kweli. New Zealand waliyatenganisha tangu Aprili 1974. Raia aliachia haki ya kushtaki kwa majeraha, na mfuko wa taifa ukachukua jukumu la kumlipa. Tangu mwaka 2005 aliyeumizwa na matibabu huko hahitaji kuthibitisha kosa la mtu. Sweden walianza bima ya wagonjwa mwaka 1975. Hatuna uchumi wao, najua. Lakini hata kanuni ndogo kabisa ingetosha kuanzia: hospitali ya umma ikisababisha jeraha lisilobishaniwa, kama gozi, basi matibabu ya kulirekebisha popote nchini yasipitie dirisha la malipo. Hilo halihitaji mfuko mpya. Linahitaji barua kati ya hospitali mbili za Serikali ileile.

Familia haikukubaliana. Baba mkubwa wa mume alitaka wapokee pole na kurudi shambani. "Mwanangu, kushtaki serikali ni kugombana na mvua," alimwambia, na Rungwe, kunakonyesha sana, kauli hiyo ina uzito wake. Mume alitaka kesi. Mgonjwa mwenyewe alisikiliza wote, kisha akanigeukia: "Kaka, mimi nataka waandike. Na nataka ng'ombe."

Nilimshauri apeleke notisi ya siku 90 huku mazungumzo yakiendelea, kwa sababu pole ya mdomo haisimamishi miaka mitatu kuhesabika. Alikubali. Notisi inadai fedha za risiti, thamani ya ng'ombe na maziwa yake, gharama za muuguzaji, na fidia ya maumivu. Inadai pia barua yenye saini inayoeleza kilichotokea. Ombi la mwisho aliliongeza yeye: kila fungu la gozi lihesabiwe na watu wawili kwa sauti mara linapofunguliwa, na karatasi ya hesabu hiyo ikae kwenye faili la kila mama. Hospitali imeshakubali hilo la mwisho na imeanza kulifanya. Mengine yako kwa mwanasheria wa halmashauri.